Wenyeji wa Gurudumu

Maji kwenye glasi ya mgeni yalianza kuzunguka yenyewe. Polepole, kama mtu anakoroga sukari kwa kijiko kisichoonekana. Mama wa mchumba akaitazama glasi, akaiweka chini.

"Nyumba yenu tulivu, mkwe," akasema.

Mwenye nyumba akacheka kicheko cha meno tu. Utulivu ule ndio aliokuwa akiuogopa. Tangu ahamie nyumba hizi za wafanyakazi, nyuma ya ukuta kulikuwa na ngurumo isiyokoma: gurudumu la mtambo wa majitaka, sahani kubwa zilizopangwa kwenye mhimili mmoja, nusu ndani ya uchafu, nusu hewani, zikizunguka taratibu. Juu ya sahani umeota ute wa kahawia, ulio hai. Ukizama unakula uchafu, ukiibuka unavuta pumzi. Fundi mzee aliyemfundisha kazi alikuwa akipiga hodi kabla ya kuufikia.

"Wenyeji ni hao, sisi wapangaji," alikuwa akisema. "Usiwasimamishe. Wa chini watakosa hewa, wa juu watakauka. Na hao ukiwaudhi, wakija kwako hawapigi hodi."

Lakini leo binti yake anaposwa, naye alishajigamba kwa wakwe kwamba ni bwana wa maji safi, mtu wa ofisi. Wakisikia ngurumo, watauliza. Basi asubuhi akalizima gurudumu.

"Kwa heshima ya mtoto," alimwambia mkewe. Mkewe akaendelea kutandika mkeka wa wageni.

Sasa harufu ikapanda kutoka chini ya mkeka, nzito, ya yai viza. Mjomba wa mchumba, mtu wa mizaha, akanong'ona, "Jamani, nani kala maharage?" Hakuna aliyecheka, maana ukuta ulikuwa umeanza kuhema.

Binti, aliyeketi kando ya mama yake, akainama, na alipoinua uso wake mama yake akaziba mdomo kwa kanga, kwa kuwa upande mmoja wa mwili wa mtoto, kuanzia shavu hadi kidole cha mguu, ulikuwa umelowa ukichuruzika ute wa kahawia, na upande wa pili umekauka na kupasuka kama tope la kiangazi, na kifua kikapanda kikashuka, kikapanda kikakwama, na kinywani mwake zikatoka sauti nyingi kwa pamoja, za watu wazima na za watoto wachanga, zikisema kwa unyonge, "Wengine tunazama. Wengine tunakauka. Nani katuzima?"

Macho yote yakamgeukia baba.

"Labda... labda umeme umekatika," akasema, na feni inazunguka juu ya kichwa chake.

Pumzi ya binti ikakatika.

"Sema, baba watoto!" mkewe akanong'ona kwa kilio. "Mtoto anaondoka!"

"Mimi!" Sauti yake ikampasuka. "Nimewazima mimi. Wakwe zangu, mimi natunza mavi ya mji huu. Ofisi sina."

Akatoka mbio na shati lake jipya. Swichi peke yake isingefaa: ute uliozama ulikuwa umelemea upande mmoja, na mota ingevunja mhimili. Akaingia kwenye birika la majitaka, uchafu ukamfika kifuani, akaweka bega kwenye sahani, akasukuma, akiteleza, akisukuma tena, akiomba radhi kwa sauti ya chini kama mtoto aliyekojoa kitandani kwa watu. Sahani zikalia. Zikajongea. Kule nyumbani mtu akavuta pumzi ndefu, ya kelele.

Alipogeuka aliwakuta wote kwenye uzio. Mama wa mchumba hakuwa ameziba pua. Binti mwenyewe alisimama mbele, amekauka midomo, mzima.

"Baba," akasema, "kwa nini?"

"Sikutaka wakudharau, mwanangu."

"Walijua. Niliwaambia siku ya kwanza kabisa. Niliwaambia baba yangu anasafisha maji machafu ya watu wote. Nilijivuna."

Baba aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa uchafu, akaendelea kusukuma, ili wasione uso wake. Na kwenye sahani iliyokuwa ikiibuka, ute ukamshika shingo, ukaipapasa polepole, kwa vidole vidogo vingi, kama watoto wanaomshukuru mtu aliyewalisha. Hilo ndilo lililomliza.