Ndoo Isiyovuja

Siku ya mgao wa maji mtaani Mwakingali, mjini Voi, hakuna anayekaa kitako. Mfereji ukikohoa tu, wanawake hutoka na ndoo, mitungi, masufuria, hata beseni la kuogeshea watoto. Mable naye alitoka. Alijaza mtungi wa kunywa, akajaza wa kupikia, kisha akajaza jagi na kulipeleka moja kwa moja kwenye ua lililopandwa ndani ya nyumba.

Ua hilo lilikaa karibu na dirisha, ndani ya ndoo nyeupe iliyokuwa ya rangi. Ni lile ua la kutambaa lenye majani ya umbo la moyo, ambalo watu huliita maniplanti. Lilipandwa na Daisy, binti wa pekee wa Mable. Daisy hayupo tena. Lori lilimgonga pale Miasenyi akivuka barabara kuu, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Nguo za Daisy zilikuwa zimegawiwa jamaa. Kitanda chake kilikuwa kimefunguliwa na kuegemezwa ukutani. Kitu pekee kilichoguswa na mikono yake, na ambacho bado kilikuwa hai, ni ua hilo. Sasa nalo lilikuwa linakufa.

Majani yaligeuka manjano, moja baada ya jingine. Mashina yalilegea.

"Una kiu, mama," Mable aliliambia. Alimimina jagi zima. Jioni alimimina jingine. Kadiri ua lilivyozidi kulegea, ndivyo alivyozidi kulinywesha.

Gibson, mumewe, alimtazama kutoka mlangoni.

"Mable, hilo ua linakunywa kuliko ng'ombe."

"Kwa hivyo niliache life? Ndivyo unataka?"

Gibson alirudi nje. Tangu mazishi, maneno ndani ya nyumba hiyo yalikuwa na miba.

Asubuhi hiyo jirani yao, Mama Wesonga, alikuja kuazima jiko. Mama Wesonga ni mtu wa Bungoma. Mumewe aliletwa Voi na kazi ya reli, naye huuza miche kando ya barabara. Majirani wengine walikuwa wameacha kumwita Mable "Mama Daisy". Waliogopa kutonesha kidonda. Mama Wesonga hakuacha.

"Mama Daisy, habari ya kuamka?" Kisha akasita na kunusa. "Kuna kitu kimeoza humu?"

"Sijaona kitu. Labda panya."

Mama Wesonga alifuata harufu mpaka dirishani. Alichomeka kidole kwenye udongo wa ndoo. Kilitoka na tope jeusi. Akainua ndoo, akaitazama chini. Pale chini palikuwa na madonge ya plastiki iliyoyeyushwa.

"Nani aliziba hapa?"

"Mimi," Mable alisema.

Mable alizaliwa kijijini Mraru. Nyumbani kwao maji yalifuatwa mbali, na tundu kwenye ndoo lilikuwa msiba. Mama yake alimfundisha kuyeyusha kipande cha plastiki kwenye moto na kuziba kila chombo kinachovuja. Daisy alipotoboa ndoo ile kwa msumari wa moto ili apande ua, Mable alimgombeza vibaya. "Unaharibu ndoo nzima! Utaweka maji wapi?" Daisy alicheka tu. Baada ya mazishi, Mable aliyaziba matundu yote. Hakutaka ua la mwanawe lipoteze hata tone.

Mama Wesonga aliketi kwanza. Alijua kwamba analotaka kusema litauma.

"Ndoo ya kuchotea maji ikivuja ni hasara," alisema. "Lakini ndoo ya ua isipovuja ni kaburi. Mizizi inapumua, Mama Daisy."

"Mizizi inapumua?"

"Ndiyo. Ndani ya udongo kuna nafasi ndogo za hewa. Maji yakijaa hapo yakakosa pa kutokea, hewa inaisha. Mizizi inaoza. Na mzizi uliooza hauwezi kunywa. Ndiyo maana majani yanalegea kama yana kiu, na ua limesimama ndani ya maji."

"Si wanasema maji ni uhai?"

"Ni uhai. Lakini hata wewe huwezi kulala ndani ya tangi."

Mable alishika kichwa. "Basi nimeliua mimi."

Mama Wesonga hakumdanganya. "Ulilizamisha. Hukujua, lakini ndivyo ilivyo."

"Daisy alijua! Alitoboa, nikamgombeza. Sasa nimemwua mara ya pili." Mable alilia mpaka sauti ikakauka. Mama Wesonga alimshika mkono, akamwacha alie.

Kisha wakafanya kazi. Waliling'oa ua uani, juu ya gunia. Mizizi ilikuwa ya kahawia na yenye utelezi, ikachubuka ngozi kama maharagwe yaliyochemshwa sana.

"Mzizi mzima ni mweupe na mgumu," Mama Wesonga alisema. "Hapa sioni hata mmoja. Hili shina kuu haliponi. Tutafute vipande."

Aliosha kisu kwa sabuni, akakipangusa kwa spiriti ili kisibebe uozo. Alikata mashina mengi, na mengi yalikuwa meusi ndani. Vilipatikana vipande vitatu tu vya kijani, kila kimoja kikiwa na kifundo pale jani linapoota. Alivitia kwenye gilasi ya maji safi, vifundo vikiwa ndani na majani nje.

Mable alishtuka. "Majini tena?"

"Haya utayabadilisha kila mara, kwa hivyo yana hewa. Yanayoua ni yale yaliyolala kwenye udongo bila pa kutokea."

Gibson alikuwa amesogea. "Na tukiweka kokoto chini ya ndoo je?"

"Kokoto bila tundu ni bure, Baba Daisy. Maji yatakaa palepale."

Siku zilipopita, vipande viwili vilioza. Mable alivitupa mwenyewe. Cha tatu kilitoa nyuzi nyeupe. Hakukirudisha kwenye ndoo, maana Mama Wesonga alimwonya kwamba udongo mwingi kuliko mizizi hukaa na maji muda mrefu. Gibson alitoboa kopo dogo kwa msumari wa moto. Walitupa tope lile la zamani, wakachanganya udongo mwekundu, mchanga wa mtoni na samadi iliyooza vizuri. Hawakuushindilia. Chini ya kopo waliweka kisahani.

"Usimwagilie kwa saa wala kwa huruma," Mama Wesonga alisema. "Uliza kidole. Kukiwa na unyevu ndani, acha. Kukikauka, mimina mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga ya kisahani."

Hilo ndilo lililomshinda Mable zaidi. Jua la mchana lilipowaka, jani lililegea kidogo, na mkono wake ukakimbilia jagi. Alichomeka kidole. Udongo ulikuwa na unyevu. Akaliweka jagi chini.

Jioni jani lilikuwa limesimama.

Baada ya majuma mengi lilichipuka jani jipya, dogo kama ukucha. Siku hiyo udongo ulikuwa umekauka. Mable alimimina maji taratibu, yakatiririka kwenye kisahani.

"Baba Daisy, kuja uone."

Gibson aliinama akatazama. "Daisy angefurahi," alisema.

"Angenicheka kwanza," Mable alijibu.

Walilia pamoja, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha Mable akamwaga maji ya kisahani uani, akaingia ndani kupika.