Fundi Hataki Huruma

Walikutana wameshika jora moja la kitambaa, kila mtu upande wake, katika duka lililojaa wateja hadi mlangoni. Mwanamke alikuwa fundi cherehani. Mwanamume aliyevuta upande wa pili alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka.

"Achia, kaka. Hili ni la magauni ya harusi."

"Na mimi viti vya gari langu vimechanika, dada."

"Satini ya zambarau kwenye viti? Unafundisha udereva au unafungua saluni?"

"Udereva. Umejuaje?"

"Imeandikwa mfukoni mwako."

Mwanamume akacheka. Jora aliliachia, namba ya simu aliing'ang'ania mpaka akapewa.

Kwa miezi saba wakaitana Fundi na Mwalimu. Kila mchana Mwalimu alipiga simu kumsimulia mwanafunzi gani leo kagonga ukuta, naye Fundi alicheka huku pini zikiwa mdomoni.

Asubuhi moja, Fundi akioga, vidole vyake viligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Hakungoja. Alikwenda hospitali, akapigwa picha, akachomwa sindano ya kuchukua kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka, daktari hakuzunguka: ni saratani. Titi litaondolewa, kisha dripu sita za dawa.

"Nitapona?"

"Nafasi ni kubwa. Umewahi."

Hilo Fundi alilibeba. Lililomshinda ni kumfikiria Mwalimu akimtazama kwa huruma. Akampigia simu.

"Tuachane, Mwalimu. Nimepata mwingine."

"Nani?"

"Humjui."

Akakata, akaizuia namba yake.

Upasuaji ulikwenda salama. Shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, alimwogesha, akamkorogea uji, akaitunza siri. Lakini Fundi alipopata dripu ya tatu, nywele zikiwa zimekwisha, uvumilivu ukamwishia Shangazi. Akampigia Mwalimu.

Mwalimu aliingia wodini akihema, akavuta stuli.

"Yuko wapi huyo mwingine?"

Fundi akavua kilemba. "Ndiye huyu. Kachukua nywele, kachukua na titi. Kama umekuja kunihurumia, mlango ule pale."

"Nimekuja na hasira. Miezi mitatu najitazama kwenye kioo nikijiuliza nina kasoro gani! Uliniamulia, Fundi. Ungeniuliza."

Siku zote hizo Fundi alidhani anayeumia ni yeye peke yake.

"Nimekukosea," akasema. "Nisamehe."

"Nipe mkono usio na sindano."

Dripu zilizobaki walikaa hivyo, mkono kwa mkono, wakitaniana mpaka muuguzi akawakemea.

Siku daktari aliposema vipimo ni safi, ila arudi kila baada ya miezi mitatu, Fundi alisimama kwenye ngazi za hospitali. Alivaa gauni la njano alilojishonea, kifua bapa upande mmoja, bila kujazia chochote.

"Mwalimu, nioe. Lakini kovu silifichi, na uzee siwezi kukuahidi. Ugonjwa unaweza kurudi."

"Mimi naendeshwa na wanagenzi kila siku, mpenzi. Nani kaniahidi uzee?"

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. "Hilo si jibu."

"Jibu ni ndiyo. Twende tukamwambie Shangazi."

Walikuwa wamechelewa. Shangazi alisimama nyuma yao, simu sikioni, akiutangazia ukoo mzima.