Nyoka Aliyenenepa Bila Kula

Jelmer alifuga nyoka wawili wa tumbo moja, Pier na Tet, kila mmoja katika sanduku lake la kioo sebuleni, na kila Ijumaa aliwapa panya mmoja mmoja. Pier alimeza na kukua kidogo kidogo kama kawaida. Tet aligoma kula tangu Februari. Lakini kila alipowekwa kwenye mizani, Tet ndiye aliyekuwa mzito zaidi.

Jelmer akadhani mizani imeharibika, akanunua nyingine. Wafuga nyoka ndivyo walivyo. Hata nyumba ikiungua, wao wanapima.

Mkewe, Wytske, alikuwa na mimba ya miezi saba, na mkunga aliyempima tumbo kwa utepe alikunja uso kwa mara ya pili. Mtoto hakui. Wytske akala samaki, akala jibini, akala mpaka akachoka, tumbo likabaki vile vile. Mchana mmoja, mumewe akiwa kazini, alisikia sauti ya kunyonya ikitoka kwenye sanduku la Tet, taratibu, kama ya mtoto anayekaribia kusinzia, na sebule nzima ikanuka maziwa ya vuguvugu, na alipotaka kuinuka miguu ikakataa, akabaki kitini blauzi imelowa kifuani, nyoka akimkazia macho yasiyopepesa, mpaka Jelmer alipofungua mlango.

"Jelmer," alinong'ona, "huyo nyoka anamnyonya mwanetu."

"Mimba inakuchezea akili, mpenzi."

"Basi mpime. Si ndiyo kazi yako?"

Alimpima. Tet alikuwa ameongezeka gramu themanini tangu Ijumaa. Safari hii Jelmer hakununua mizani. Aliogopa.

Wakamwita mzee Sjoerd, anayetibu ng'ombe wagonjwa kwa kuwanong'oneza, ambaye watu humcheka Jumapili kanisani na kumpigia simu Jumatatu. Aliweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa haraka. Alisema nyoka mwenyewe alishakufa Februari, na kinachokaa humo ni jini. Akasoma maneno yake chini chini mpaka Tet akalegea, na walipomwinua, alikuwa ngozi tupu. Jioni ile mtoto alipiga teke, Wytske akalia kwa furaha.

Fardau alizaliwa Julai, msichana mnene. Ziwa hakulitaka, wala chupa. Siku ya nne muuguzi aliyekuja nyumbani alimpima mara tatu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto huyu hajameza hata tone, na uzito unapanda.

Alasiri wageni wakajaa. Kwetu mtoto akizaliwa, wageni hupewa mkate mkavu wenye siagi, umenyunyiziwa vipunje vya sukari tunavyoviita panya wadogo. Shangazi Hinke alipita na sinia.

"Nani bado hajapata panya?" aliuliza.

Fardau aligeuza kichwa taratibu kuelekea sauti ile, akapanua kinywa alichokataa kumfungulia mama yake kwa siku nne.