Posti za Saa Tisa

Kitambaa kilichobaki kilikuwa yadi sita tu, chekundu chenye maua meusi, na mikono miwili ilikishika kwa wakati mmoja. Mmoja ulikuwa wa Araba Quansah, aliyevaa sketi ya ofisini na viatu vya kisigino ambavyo hakuna mwenye akili zake anayekwenda navyo soko la Makola siku ya Jumamosi. Mwingine ulikuwa wa mwanamume mrefu mwenye shati jeusi na kucha zilizoingia grisi.

"Dada, achia. Hiki ni cha msiba wangu."

"Na wangu je? Wiki ijayo namzika bosi wangu."

"Mimi namzika dada yangu."

Mama muuza vitambaa aliwatazama, akacheka bila haya. "Hiki kimechaguliwa na familia ya Lamptey. Nyie mnazika mtu mmoja! Gawaneni, mnanizibia njia."

Ndivyo walivyojuana. Lankwei Lamptey, fundi wa majokofu ya samaki bandarini Tema, alikuwa mdogo wake Lamiley, marehemu. Na Lamiley ndiye aliyemfundisha Araba kazi ya matangazo ya mtandaoni kwa miaka minne, katika ofisi yao ya mtaa wa Osu, tangu Araba hajui hata kuandika kichwa cha tangazo. Araba alichukua yadi nne, Lankwei mbili, akashona shati la mikono mifupi lililombana kwapani. Araba alimtania kwa shati lile miezi yote iliyofuata.

Maana miezi ilifuata, na simu za Lankwei.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Biskuti."

"Ei! Meneja mzima anakula biskuti? Nakuja na kenkey, donge la mahindi la kushibisha. Usimwambie mtu kwamba mpenzi wako ananuka samaki."

"Wameshajua. Mlinzi anakuita Bwana Dagaa."

Meneja, kweli. Baada ya mazishi Araba alipewa nafasi ya Lamiley, na kiti chake pia. Kiti kile kililia kila kilipoegemewa, na vijana wanne wa kitengo waliinua vichwa kila kilipolia, wakitazama mlangoni kama vile mwenyewe anaingia. Kisha walimwona Araba, wakainama tena. Araba angependelea waseme lolote.

Mteja wao mkubwa alikuwa mtengenezaji wa shito, ile pilipili nyeusi ya chupa. Lamiley ndiye aliyemtungia mteja huyo shangazi wa kubuni, Auntie Dzama, ambaye kila siku saa tisa alasiri alizungumza na watu mtandaoni, akiwasuta waume wavivu na kuwasimulia mambo ya jikoni. Nusu ya Accra ilimpenda. Wengine walimwombea dua wakidhani yupo.

Siku ya kwanza katika kiti kile, Araba alifungua ratiba ya posti kwa hofu, maana sasa Auntie Dzama alikuwa mzigo wake. Akakuta imejaa. Lamiley, akiwa kitandani hospitalini, alikuwa ameandika posti za karibu mwaka mzima na kuzipanga zitoke zenyewe, moja kila siku. Nywila alikuwa nayo Araba peke yake.

Aliapa kusema ukweli kabla jua halijazama. Lakini saa tisa posti ilitoka, na mkurugenzi, Madam Ofosuhene, akaja akimpigia makofi. "Araba! Sauti ya Lamiley umeivaa yote!" Araba akafungua kinywa, akatabasamu. Dhambi yake ilianza na tabasamu hilo, na mimi simtetei.

Tangu hapo marehemu alifanya kazi, yeye akasifiwa. Selasi, mmoja wa vijana wale wanne, mwenye kipaji, alileta maandishi kila wiki na kila wiki akaambiwa "bado", kwa sababu nafasi hazikuwepo. Posti za mbele Araba hakuthubutu kuzisoma. Aliona ni kama kufunua shuka la maiti. Saa tisa ikikaribia alisubiri kama wengine wote kusikia mfu atasema nini leo.

Jumapili moja, wakila samaki wa kukaanga uani kwa kina Lankwei, mtaa wa La, Lankwei aliacha kula ghafla.

"Nikiwa na miaka saba niliiba kichwa cha samaki, nikakificha mfukoni, nikaenda nacho kanisani. Harufu ikatapakaa. Lamiley akasimama, akasema ni wake. Alichapwa yeye. Hatukumwambia mtu mpaka leo, hata mama." Machozi yalimtoka bila kuyaficha. "Mtu wa kwanza ni wewe."

Araba alimfuta uso kwa kiganja chake. Alimpenda siku ile kuliko siku zote.

Wiki tatu baadaye, saa tisa na dakika kumi, simu yake iliita.

"Umesoma Auntie Dzama wako?" Sauti ya Lankwei ilikuwa imekauka.

"Bado. Kuna nini?"

"Mimi hata huko mtandaoni siingii. Mafundi wenzangu wananisomea hapa huku wanacheka. Kichwa cha samaki, kanisani, mfukoni. Dada akachapwa. Halafu mwisho, nunueni shito."

Araba aliifungua posti. Yalikuwamo yote.

"Lankwei, si mimi."

"Si wewe? Nani basi, mzimu?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Ndiyo, ni mzimu, ni dada yako. Lakini nje ya kioo alimwona Madam Ofosuhene akionyesha wageni meza yake, na jibu likarudi tumboni.

"Basi, nimeelewa," alisema Lankwei. "Uliniacha nilie ili uuze pilipili. Asante, meneja."

Akakata. Hakupokea tena, wala siku ile wala wiki zile. Araba alikula biskuti.

Kiti kiliendelea kulia. Kila saa tisa Lamiley alizungumza, na sasa Araba alihisi anazungumza naye yeye. Akaangalia tarehe ambayo posti ya kichwa cha samaki iliandikwa: siku tisa kabla ya kifo. Ushahidi ulikuwa pale pale kwenye mashine, ila angeutoa angejivua nguo mbele ya ofisi nzima. Alivumilia miezi miwili. Jumatatu moja, kikaoni, Madam Ofosuhene alitangaza kuwa Araba ataongoza vitengo vyote vitatu vya ofisi kwa mafanikio ya Auntie Dzama.

Araba alisimama. "Auntie Dzama si mimi. Sijaandika hata neno moja. Anaandika Lamiley."

Mtu mmoja alikohoa. Selasi alifunika mdomo.

"Lamiley alikufa," alisema Madam Ofosuhene polepole.

"Aliziacha zimepangwa. Mimi nilinyamaza nikapokea sifa."

Ahadi ya vitengo vitatu iliyeyuka hapo hapo. Aliachiwa kile kile chake, kwa miezi mitatu ya kuangaliwa, na sharti moja: aende akaiombe radhi familia, na posti zilizobaki familia ndiyo iamue.

Alimkuta Lankwei Tema, kichwa ndani ya jokofu lililofunguliwa matumbo. Hakusalimia. Aliweka laptopu juu ya kreti na kumwonyesha tarehe.

Lankwei alisoma, akasoma tena, kidole kikiacha alama ya grisi kwenye kioo. "Siku hiyo nilimpelekea supu. Akaficha simu chini ya shuka. Nikamtania kwamba ana mwanamume." Akaketi kwenye kreti, akalia. "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ningekuambia, nisingekuwa meneja tena."

"Na sasa?"

"Sasa ni meneja nusu."

Lankwei alitaka kununa, akacheka katikati ya machozi. "Afadhali. Meneja mzima alikuwa hanipokei vizuri."

"Wewe ndiye hukupokea simu, bwana!"

Posti zilibaki chache, na ya mwisho, kwa bahati, iliangukia siku ya kutimiza mwaka wa msiba, siku ambayo familia ingevua nguo nyeusi. Araba aliuliza kama wazifute.

"Za mbele umezisoma?"

"Hapana."

"Mwache dada amalize."

Siku hiyo ua wa kina Lamptey ulijaa watu wenye nguo nyeupe. Araba alivaa kanzu nyeupe ya lesi na kitambaa kichwani, Lankwei shati lililomtosha. Saa tisa simu zililia ua mzima. Mama yao, aliyekwishaambiwa kila kitu, aliomba asomewe.

Araba alisoma. "Leo Auntie Dzama amechoka. Chupa iko mezani, moto mnao, mikono mnayo. Pikeni wenyewe."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndiye huyo! Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akitutoka jikoni." Kisha akalia, na watu wakamwacha alie.

Kesho yake, saa tisa kasoro dakika moja, nafasi kwenye ratiba ilikuwa na maandishi ya Selasi. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

"Bosi, hujasahihisha kitu. Nitume?"

Araba alikuwa ameona maneno mawili ambayo yeye angeyabadilisha. "Tuma. Ni yako."

Simu yake ikaita.

"Umekula?" aliuliza Lankwei.

"Bado."

"Mjomba ameshapata siku ya kuja kugonga mlango kwenu Cape Coast, kukuposa. Nivae shati gani?"

"Lile la kubana. Baba akuone ulivyo na shida."

Alikuwa akicheka alipoegemea. Kiti kikalia kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyeinua kichwa.