Fidla za Saa Kumi na Moja

Julai ya mwaka 1994, upepo wa Sumbawanga ukikata midomo, Justa alikuwa anamhudumia mteja sokoni. Kitabu alichokuwa akisoma alikuwa amekilaza juu ya mitumba. Alipogeuka, kilikuwa mikononi mwa mwanamume mrefu mwenye koti la kaki na suruali iliyonyooshwa kwa pasi.

"Hiki nakichukua," yule mwanamume alisema.

"Kirudishe. Hakiuzwi, nakisoma."

"Kimelala kwenye mitumba."

"Na wewe ukilala kwenye mitumba nikuuze?"

Wanawake wa meza za jirani walicheka. Yeye hakucheka. Alikirudisha kitabu, akalipia kanda mbili za muziki zilizopangwa pembeni ya mitumba, akasema, "Biashara huria imetuletea wauzaji wasiotaka kuuza."

Jina lake lilikuwa Eustaki. Miaka kumi na minne alikuwa fundi kwenye kinu cha serikali, mpaka kinu kikauzwa kwa mtu binafsi na yeye akapunguzwa kazi. Sasa alitengeneza mashine za kusaga za watu, na wiki ileile alikuwa amepanga nyumba mtaa wa Malangali, ua wa michongoma ukimtenga na Justa.

Justa aliishi peke yake. Akitoka sokoni alimwagilia waridi na karoti zake, na ikifika saa kumi na moja alikaa kwenye kigoda akasoma mpaka mwanga uishe. Ndiyo saa pekee ambayo hakuna mtu aliyemuuliza bei. Sasa saa hiyohiyo, ng'ambo ya michongoma, redio kaseti ilianza kunguruma: fidla, piano, okestra nzima ya Ulaya ya kale.

"Bwana, punguza sauti," aliita.

Eustaki alikuwa ameinama analima, amempa mgongo. Justa aliita mara tatu. Hakugeuka.

Kesho yake alimsubiri njiani. "Una kiburi, bwana. Na muziki wenyewe wa kuzikia maaskofu."

"Njoo uusikilize kabla hujauzika."

Alikwenda, akitafuta makosa tu. Eustaki alimweleza jinsi fidla moja inavyoikimbiza nyingine, na jinsi padri mmoja alivyomfundisha kinanda. Justa akamwambia kwamba figili zake zimebanana kama wafungwa. Kesho akaenda tena. Katikati ya ua kukawa na upenyo, na kufika Septemba Malangali yote ilijua. Eustaki alianza kuvaa shati jeupe siku za kazi, Justa akawa anapita na kitenge cha njano. Lakini kusemezana kwa upole hawakujifunza.

"Kitabu gani hicho kinachokununisha hivyo, mpenzi?"

"Sijanuna kwa kitabu. Nimenuna kwa sababu umekaa mbele ya mwanga."

Oktoba, Justa alikwenda Tunduma kuchukua mzigo. Walipatana kwamba saa nne Eustaki atangoja simu kwenye duka la Isdori, Katandala. Justa alipanga foleni posta, akaunganishwa.

"Eustaki, nimekukumbuka."

"Ndiyo, mvua bado."

"Nasema nimekukumbuka. Nimepita Laela kwa baba. Anauliza barua utaleta lini."

"Barua?" Eustaki aliuliza. "Achana na barua. Haina haraka."

Simu ikakatwa. Nyuma ya Justa mtu alikohoa. Barua ya posa, mbele ya foleni nzima, na jibu likawa hilo.

Alirudi juu ya lori, hasira ikiongezeka kila kilomita. Alifika saa kumi na moja, fidla zinalia. Aliita mlangoni mara mbili, Eustaki hakugeuka. Basi Justa akaingia, akaitoa kanda, akaivuta utepe wake wote na kuukata vipande.

Sauti ilipokufa ndipo Eustaki alipogeuka. Alitazama utepe sakafuni.

"Hiyo alinipa padri," alisema. "Toka."

Wiki tatu hawakusalimiana. Eustaki alipanda michongoma mipya, akauziba upenyo.

Kisha Scola, dada yake Eustaki, akaja kutoka Kasanga kumjulia hali. Justa alikuwa anamwagilia waridi aliposikia yule mama ng'ambo ya ua anapaza sauti kama anaita mtu aliye bondeni.

"Nauliza, dokta amesemaje?"

"Sikio la kushoto limekwisha. La kulia limebaki kidogo. Kinu kimeyala."

"Na huyo mwanamke umemwambia?"

"Nimwambie nini, dada? Kwamba aolewe na gogo?"

Maji yalimmwagikia Justa miguuni naye hakusogea.

Kesho yake alizunguka barabarani, akaenda kusimama mbele ya Eustaki, pale ambapo angeiona midomo yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenionea huruma."

"Sikukuonea huruma nilipodhani u mzima, nianze leo?"

"Umeniharibia kanda yangu."

"Nimeiharibu, na nisamehe. Na wewe umenikatia simu nikikuuliza barua ya posa."

Eustaki aliacha jembe. "Ya posa?"

"Ulidhani barua gani, ya kodi?"

Alikaa juu ya tuta kama mtu aliyepigwa. "Sikusikia, Justa. Nilisikia neno hilo moja. Muziki naufungulia sana kwa sababu unaondoka. Ukiisha nitabaki na nini?"

"Na bustani hii unayoiharibu. Na vitabu vyangu, maana kitabu hakihitaji sikio. Na fidla kidogo, kwa sauti ndogo, sikio lililobaki lisichoke."

"Unanipangia maisha."

"Nakupangia jioni tu."

Alinyanyuka. Akauliza kwa ukali, kama anamhoji mwizi, "Basi utaolewa na mimi?"

Justa alijibu. Eustaki akatega sikio la kulia. "Sijasikia."

Justa akarudia. "Bado."

Justa hakujua kama ni ugonjwa au ni utani. Alijaza kifua hewa, akasema kwa sauti iliyowasimamisha wanawake waliopita na kuni, "Ndiyo, Eustaki, nitaolewa na wewe."

"Mbona unapiga kelele? Majirani wanasikia."

"Wasikie."

Jumapili ya kwanza baada ya barua kufika Laela, walikwenda parokiani kuandikisha ndoa. Walipokuwa wanarudi walikuwa tayari wanagombana ni nani atahamia kwa nani.