Kuvu Iliyokuja na Fito

Asubuhi hiyo Ningavva alikuwa akipiga mikate ya mtama, na aliyepita njiani angedhani anapiga mtu. Kila kofi lilimlenga shemeji yake, Gurappa.

Mbaazi zake zilikuwa zinanyauka zikiwa na maua. Mumewe yuko machimbo ya mawe Shahabad, na shamba hilo ndilo linalowalisha. Ng'ambo ya tuta, mbaazi za Gurappa zilikuwa kijani. Wakati wa kupanda waligombania mpaka wa mashamba yao. Nani mwingine angemtilia sumu shambani?

Majirani walimsihi atulie. Yeye na Gurappa kila mmoja ana maksai mmoja tu, na hulima kwa kuwafunga nira moja. Wakikosana, hakuna atakayelima. Ningavva akajibu kwamba afadhali avute jembe mwenyewe. Tena katika sikukuu ya Yellamavasya, ndugu wanapokula pamoja shambani, Gurappa asikanyage kwake.

Sushila, bibi shamba, akaja. Aling'oa mbaazi moja akapasua shina. Ndani mlikuwa na mstari mweusi kutoka mizizini.

"Dada, sumu haichori hivi," alisema. "Hii ni kuvu ya udongoni. Inaingilia mizizini, inaziba njia za maji. Mmea unakufa kwa kiu hata mvua ikinyesha."

Ningavva akawaka. "Mbegu mlinipa nyinyi. Mlisema hainyauki. Gurappa kapanda hiyo hiyo, mbona yake imesimama? Mnatuona wajinga?"

Sushila alikiri kwamba swali hilo linamsumbua hata yeye. Akachukua mashina yaliyonyauka hapo. Akachukua mengine ukingoni mwa shamba la Gurappa, ambako mistari michache ya mbegu ya zamani ilikuwa imenyauka, na mengine kutoka vijiji vya jirani. Akayapeleka kituo cha utafiti.

Aliporudi alikuwa na picha yenye mistari ya rangi. Ningavva aliitazama kwa jicho la chuki.

"Kwa macho, kuvu hizi ni pacha," Sushila alieleza. "Lakini kila kuvu ina vimeng'enya, vitu vinavyoisaidia kusaga chakula chake. Tunakamua maji ya kuvu, tunayaweka kwenye jeli, tunapitisha umeme. Kila kimeng'enya kinakwenda mwendo wake na kusimama mahali pake. Tukitia rangi, tunaona mistari. Kuvu za kundi moja, mistari yake hulingana."

Akaweka kidole kwenye picha. Kuvu ya Gurappa ilikuwa ya kundi la zamani, ambalo mbegu ile inalishinda. Ya Ningavva ilikuwa ya kundi jingine, geni hapa. Ililingana na ya Hosahalli.

Hosahalli ni kwao Ningavva.

"Kuna kitu ulileta kutoka kule?" Sushila aliuliza.

Ningavva akakumbuka. Yellamavasya iliyopita mabua yake ya mtama yaliliwa yote na maksai. Kaka yake akampa mzigo wa fito za mbaazi, naye akajengea kibanda cha sikukuu katikati ya shamba. Baadaye kibanda kilianguka, kikalimiwa humo humo. Na mnyauko ulianzia pale pale. Lililomchoma zaidi ni kwamba Gurappa alizitazama fito zile, akasema zina weusi ndani. Ningavva akamwambia ashughulike na yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alikasirika upya, safari hii na nafsi yake, na hasira hiyo ilimfaa kuliko ile ya kwanza. Aling'oa mbaazi zote zilizougua pamoja na mizizi, akazichoma. Kisha akaenda kwa Gurappa, akamwomba radhi mbele ya watu. Gurappa hakutabasamu. Alimwachia maksai wake alimie, maneno akamnyima.

Kwa ushauri wa Sushila, Ningavva alipanda mtama misimu kadhaa ili kuvu ikose cha kula. Halafu akapanda mbegu ya mbaazi iliyojaribiwa kwa kundi lile geni. Zilisimama, zikabeba maganda hadi matawi yakainama.

Yellamavasya ikafika. Ningavva alijenga kibanda kwa mabua ya mtama wake, akatandika mkeka, akamwita shemeji yake. Gurappa alikuja. Kabla ya kuketi alichomoa bua moja, akalipasua kwa ukucha, akachungulia ndani.

"Jeupe," alisema.

Akaketi, akanyoosha mkono apewe mkate.