Neno la Siri la Ofisi Nzima

"...na eti wanataka asaini! Asaini kwamba ni yeye!"

Kasuku alisema hayo hata kizingiti hajakivuka. Begi lake la chuo likanasa kwenye kitasa. Akalivuta, mkanda ukakatika, wala hakugeuka kuuangalia. Baba yake alikuwa mezani, ameinamia saa ya mteja. Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa kwenye kochi anamenya chungwa. Wote wawili wakainua vichwa.

Jina la Kasuku alipewa na baba yake tangu alipoanza kusema. Kwake habari haikai. Inaingia sikioni, inatokea mdomoni, na njiani imeshaongezwa chumvi kidogo. Lakini siku hiyo hakuongeza chochote. Haikuhitaji.

Alikuwa amempelekea mama yake miwani kazini, kwenye kampuni inayouza rangi za nyumba. Mama ndiye msaidizi wa mhasibu pale, tangu Kasuku hajaota meno. Basi akamkuta amesimama kwenye korido kama mtoto aliyetolewa darasani, ana barua mkononi, na watu wanapita wanamwangalia kwa pembeni. Barua ilisema ndoo sitini za rangi zimetoka stoo mwezi uliopita, na hakuna mteja aliyezilipia. Aliyeidhinisha zitoke ni Mama Kasuku. Kompyuta imeonyesha hivyo. Akikubali na kusaini, ataachishwa kazi kimya kimya. Akikataa, wataita polisi. Amepewa mpaka kesho asubuhi.

Yaani mama yule! Mama ambaye akizidishiwa chenji dukani, anarudi na jua la saa saba kuirudisha.  Na kilichomchoma Kasuku zaidi ni saluni ya pale kona. Alipopita, wanawake walinyamaza ghafla. Habari ilikuwa imemtangulia.

Mama alifika jioni. Alikaa bila kuvua viatu, jambo ambalo kwa kawaida humgombezea kila mtu.

"Wifi, umenikuta siku mbaya," alimwambia Shangazi.

Hawa mawifi wawili hawakuwa watu wa kukumbatiana. Shangazi kazi yake ni mkaguzi wa hesabu. Anaingia kwenye makampuni, anaangalia kama kilichoandikwa na kilichopo vinafanana. Mama alizoea kusema kwamba wifi yake akija nyumbani anakagua hata masufuria. Lakini siku hiyo hakuna aliyemtania mwenzake. Shangazi aliweka chungwa pembeni, akafuta mikono, akauliza swali moja.

"Neno lako la siri la kuingilia kwenye ile kompyuta, nani analijua?"

Mama alishangaa. Akasema wanalijua wote.

"Wote kina nani?"

Basi ikabidi Mama aeleze. Kampuni ilipoleta ule mfumo wa hesabu, mafunzo yalikuwa ya siku moja tu, na yeye peke yake ndiye alihudhuria. Akapewa jina la kuingilia na neno la siri. Wenzake waliambiwa waombe ya kwao makao makuu. Nani ana muda wa kuomba? Wakawa wanatumia ya Mama. Asubuhi, anayefika wa kwanza anafungua kompyuta kwa jina la Mama Kasuku, kama anayefungua dirisha hewa iingie. Inakaa wazi mpaka jioni. Muuzaji akitaka kuagiza mzigo utoke, anakaa pale. Mtunza stoo akitaka kuona kilichobaki, anakaa pale. Neno lenyewe liliandikwa kwenye kikaratasi, kikabandikwa chini ya kioo cha kompyuta. Hata fundi wa feni alilijua.

"Hukuwahi kuifunga ukienda kula?" Shangazi aliuliza.

Mama alisema aliwahi kujaribu, mara moja. Wauzaji walinuna mchana kutwa. Walimuuliza kama anawaona wezi. Wakampachika jina, Waziri wa Funguo, na kila akipita wanasimama wima na kupiga saluti. Akaona aibu. Akaacha.

Baba alicheka kidogo puani, halafu akaona macho ya mkewe, akarudi kwenye saa yake. Ila alikuwa na lake. Alisema polepole kwamba yeye haelewi tatizo. Kama kompyuta imeandika jina la mtu, si ina maana mtu huyo ndiye aliyefanya? Mashine haina sababu ya kumwonea mtu.

Shangazi akainuka kwenye kochi. Kasuku wakati huo alikuwa kwenye karai la vyombo, mbele kabisa ya baba yake, mikono yote miwili imezama kwenye povu. Simu yake ilikuwa juu ya meza, wazi, kama kawaida yake. Shangazi akaichukua, akaandika ujumbe, akairudisha.

Simu ya Baba ikalia. Akaisoma. Uso ukabadilika.

"Kasuku, viatu tena? Si nilikununulia juzi?"

Kasuku aliinua mikono kutoka kwenye maji, povu linamtiririka mpaka viwikoni. Baba akaangalia mikono. Akaangalia simu. Akaangalia mikono tena.

"Umemwona kwa macho yako anaosha vyombo," Shangazi alisema, "na bado umemgombeza, kwa sababu umeona jina lake."

Baba alivua kioo cha jichoni anachotazamia saa, akakiweka mezani taratibu.

Hapo ndipo Shangazi akaeleza, na alieleza kwa maneno mepesi. Mfumo wa hesabu si mtu. Haumjui Mama Kasuku kwa sura wala kwa sauti. Unajua jina na neno la siri, basi. Yeyote anayekaa pale na neno lile, kwa mfumo yeye ndiye Mama Kasuku. Kwa hiyo kompyuta inaweza kuandika kweli kile ilichoingiziwa, na bado mwenye jina akawa hajagusa kitu. Ndiyo maana kila mtu anatakiwa awe na jina lake na neno lake, asimpe hata ndugu. Ndiyo maana ukiinuka kwenye kiti unafunga.

Mama alikasirika. "Kwa hiyo sasa kosa ni langu, wifi?"

"Wizi si wako," Shangazi alisema. "Lakini mlango mliuacha wazi nyote, na aliyeiba akatoka amevaa kanga yako. Na kampuni ina kosa kubwa zaidi. Anayeomba mzigo utoke hapaswi kuwa na uwezo wa kuuidhinisha mwenyewe. Anayeidhinisha hapaswi kuwa ndiye anayeutoa stoo. Wawe watu watatu, wasubiriane. Hapo kuiba kunahitaji kikao."

Kasuku alisimama na sahani mkononi. Hayo yote alikuwa anayajua! Chuoni alikuwa anasoma somo la mifumo ya taarifa za uhasibu. Kwenye mtihani aliulizwa kwa nini kazi zigawanywe na kwa nini kila mtumiaji awe na neno lake la siri. Alijibu vizuri mno, kwa mwandiko wa kujidai, akapata alama za juu. Na kile kikaratasi chini ya kioo cha Mama alikuwa amekiona mara nyingi. Neno lililoandikwa pale lilikuwa "kasuku". Alikuwa akiliona anatabasamu. Kumbe alikariri jibu bila kujua kwamba swali liko mezani kwa mama yake.

Shangazi akamwambia Mama asisaini. Kesho aombe kuonyeshwa siku na saa ambayo ile idhini iliingizwa. Mfumo unahifadhi saa, si jina peke yake. Na yeye atamsindikiza.

Asubuhi wakaenda watatu. Kasuku aliruhusiwa kwa sharti la kufunga mdomo, na aliufunga kwa kuuma kona ya mtandio wake.

Meneja hakuwa mtu mbaya wa sura. Aliwapa viti, akageuza kioo cha kompyuta kiwaelekee, akaweka kidole juu ya jina.

"Mama, mimi sina ubaya na wewe. Ila mfumo haudanganyi. Hili hapa jina lako."

Shangazi akamwomba, kwa adabu, asome na saa. Meneja akasema saa ina umuhimu gani. Shangazi akaomba tena. Meneja akavuta pumzi ya mtu anayepotezewa muda, akabofya mara mbili, akasoma tarehe, akasoma saa tisa alasiri.

 Mama akaongea taratibu, na Kasuku alisema baadaye kwamba afadhali angefoka.

"Meneja, siku hiyo saa tisa mimi nilikuwa wapi?"

Meneja akaisoma tena ile tarehe. 

"Ni siku ile mashine ya kuchanganyia rangi ilipomkata fundi wake mkono. Uliendesha gari wewe mwenyewe. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nimemfunga kwa kilemba changu, nimemshika, tunakwenda hospitali. Ulinirudisha nyumbani jua limeshazama. Damu ilikuwa kwenye kiti chako, ukaniambia nisijali."

Meneja akakigeuza kioo kimwelekee yeye. 

"Nilikuwa ndani ya gari lako," Mama alisema. "Umeamini kioo, ukayakataa macho yako. Na hukuniuliza hata neno moja."

Meneja alianza kujikanyaga. Alisema aliona jina, akaona inatosha. Alisema makao makuu walikuwa wanambana. Akachukua ile barua, akataka kuichana hapo hapo, yaishe. Mama akaizuia kwa kiganja.

"Nilipewa kwenye korido, watu wakiona. Ifutiwe kwenye korido."

Na ikafutiwa kwenye korido. Meneja alisimama mbele ya wauzaji, mtunza stoo na dereva, akasema kwa sauti kwamba amekosea. Masikio yalimwiva kama nyanya. Kasuku alitamani kupiga makofi, akakumbuka mtandio.

Wiki hiyo hiyo mambo yakabadilishwa, na Mama alisimamia mwenyewe. Kile kikaratasi kilichomwa. Kila mtu akaundiwa jina lake, akachagua neno lake la siri akiwa peke yake. Kompyuta ikawekwa ijifunge yenyewe ikikaa dakika chache bila kuguswa. Muuzaji sasa anaomba tu. Mhasibu au Mama anaidhinisha. Mtunza stoo anatoa. Na kila Ijumaa wawili ambao si wa stoo wanaingia kuhesabu ndoo, wanalinganisha na kilichoandikwa kwenye mfumo. Kulikuwa na manung'uniko, hasa mwanzoni. Lile jina la Waziri wa Funguo likafufuka. Safari hii Mama akipigiwa saluti, naye anaijibu.

Chuoni nako Kasuku hakukaa na habari yake. Hakutaja kampuni wala watu, lakini kisa alikisimulia chote. Mwalimu wa somo alisikiliza, halafu akafunga daftari alilokuwa akisomea. Akawapeleka kwenye chumba cha kompyuta, ambako kuna mfumo wa mazoezi wenye duka la kubuni. Nusu ya darasa akaipa kazi ya kuiba bidhaa bila kugundulika. Nusu nyingine kazi yao ni kuziba njia. Wezi walishinda asubuhi nzima. Mwanafunzi mmoja mpole, asiyewahi kunyoosha mkono darasani, aliiba duka zima kwa kutumia jina la rafiki yake aliyekwenda kunywa maji. Tangu siku hiyo, darasa lile mtu akiinuka kwenye kiti, anafunga kompyuta hata kama anakwenda dirishani.

Basi jioni moja Mama akarudi amechangamka. Alivua viatu mlangoni, akavipanga. Akamwambia Baba, huku anajimiminia chai, kwamba leo kuna mtu amejaribu tena. Ameomba ndoo zitoke, kwa jina lake mwenyewe. Akajaribu kuziidhinisha mwenyewe, mfumo ukakataa. Akajaribu kuingia kwa jina la Mama, kwa lile neno la zamani. Ukakataa tena. Yote yameandikwa, siku na saa. Wenzake wawili walikuwa mle chumbani na wamemwona.

Kasuku aliruka kutoka kwenye kochi. "Nani?"

Mama akapuliza chai yake.

"Mama, nani? Ni muuzaji? Ni yule wa saluti?"

"Ameitwa kesho asubuhi ajieleze. Nami nitakuwepo."

Kasuku alimsogelea. Akaapa hamwambii mtu. Akasema amwambie yeye tu, kwa sikio. Baba akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka, akasema kumwambia Kasuku peke yake ni sawa na kubandika tangazo saluni.

Mama hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Jina langu mimi lilifika saluni kabla sijaulizwa neno," alisema. "Na la kwake ningeweza kulipeleka leo, kwa miguu yangu, na Mungu anajua nina hasira za kutosha. Lakini hajasikilizwa. Kaa chini, mwanangu. Kesho akishajieleza, nikirudi nikavua viatu, nitakusimulia mwanzo mpaka mwisho."